Dozi ya Watu Wawili

Makasi hakuwa mtu wa kupelekea watu chai. Hilo lieleweke kwanza, maana asiyelielewa atasema mchumba wake, Kifungo, alikuwa na roho mbaya. Walikuwa wamependana miezi minane, na katika miezi yote hiyo mwanamume yule hakuwahi kumletea mwenzake hata glasi ya maji. Hakuwa mchoyo. Alikuwa tu mtu wa meza yake ya kukatia, chaki sikioni, futi shingoni, fundi anayeweza kukata suruali sitini za shule bila kupotea nusu inchi, halafu ukimwambia leo ni siku yako ya kuzaliwa anakuuliza, "Kwa hiyo?" Basi Jumatatu moja saa nne asubuhi, wakati wa mapumziko, mtu huyo huyo akavuka karakana nzima, akapita katikati ya vyerehani sita na macho yote ya wenye vyerehani hivyo, akamwekea Kifungo kikombe cha chai ya maziwa mbele ya mashine yake.

"Kunywa ikiwa bado ya moto," akasema.

Kifungo akakitazama kikombe, kisha akamtazama aliyekileta. "Nani amekufa?"

"Jamani! Mtu hawezi kumletea mchumba wake chai?"

"Mtu anaweza. Wewe ndiye sijawahi kukuona ukiweza."

Makasi akacheka, kicheko kifupi cha mtu anayebanwa na kiatu, lakini hakuondoka. Alisimama pale pale, mikono nyuma, mpaka Kifungo alipomaliza tone la mwisho. Hapo ndipo shaka ilipoingia. Chai yenyewe si neno. Kusimamiwa kama mtoto anayenyweshwa dawa ya minyoo ndiko kulikomkera.

Jina la Kifungo lilitokana na kazi yake. Alitoboa matundu na kushona vifungo vya mashati ya shule, shati baada ya shati, kutwa. Na alikuwa mtu wa kushuku tangu utotoni. Ukimsalimia kwa uchangamfu anajiuliza unataka nini. Mlango alioufunga kwa mkono wake mwenyewe anarudi kuusukuma mara mbili. Lakini safari hii alikuwa na sababu nzito. Jumamosi ya wiki iliyofuata mjomba wake Makasi alikuwa aende nyumbani kwa shangazi yake Kifungo kuzungumza habari za ndoa, na shangazi alishaanza kupaka rangi sebule. Kwa hiyo Kifungo alikuwa na siku kumi na mbili za kujua ni mwanamume gani hasa anayetaka kumuoa, na mwanamume mwenyewe ndiyo kwanza anaanza vituko.

Jumanne chai ikaja tena. Safari hii Kifungo aliionja taratibu, akakunja uso.

"Ina uchungu."

"Majani yamekolea," Makasi akasema haraka, haraka mno.

Akainywa, lakini aliacha kidogo chini, na Makasi alipoitwa mezani kwake Kifungo alichungulia ndani ya kikombe. Kulikuwa na unga wa manjano umeganda pembeni. Akaupaka kwenye kidole, akaunusa. Haukunuka kitu. Jumatano kikombe kilipokuja alisubiri Makasi ainame kuokota futi yake, akaimimina chai yote kwenye gunia la vipande vya vitambaa lililokuwa miguuni pake, kisha akajifuta mdomo kwa nyuma ya mkono kana kwamba kaimaliza. Makasi akakichukua kikombe kitupu, akatabasamu kama mtu aliyetua mzigo.

Mchana ule Kifungo akaenda kwenye meza ya pasi. Mpiga pasi wa karakana ile, ambaye wote walimwita Dada Pasi, aliwazidi wenzake miaka sita au saba, na hakuna habari iliyopita karakanani pale bila kunyooshwa naye kwanza. Kifungo akamwonyesha kipande cha kitambaa cheupe alichokitoa guniani, kimeota doa la manjano la ukubwa wa kiganja.

"Anakutilia kitu kwenye chai?" Dada Pasi akaweka pasi chini. "Limbwata hilo!"

"Dada, limbwata wanawatilia wanaume."

"Dunia imebadilika, mdogo wangu. Siku hizi nao wanaogopa kuachwa." Akacheka mpaka akashika kiuno. Kisha kicheko kikamkauka. "Hebu subiri. Mwezi huu umeziona siku zako?"

"Bado. Zimechelewa kidogo tu."

"Yeye anajua kwamba zimechelewa?"

Kifungo akakikunja kile kitambaa chenye doa. Alikuwa amemwambia yeye mwenyewe, wiki iliyopita, kwa mzaha.

"Basi lishike tumbo lako vizuri," Dada Pasi akasema, akarudi kwenye mashati yake. "Kuna wanaume hawasemi, wanatenda. Na hilo tumbo lako linalokuuma chini kila siku, je?"

"Hilo ni kiti. Kiti changu kibovu."

Alirudi kwenye mashine roho juu juu. Kila Makasi alipoinua mkasi, Kifungo aliinua macho. Na siku hiyo hiyo, kama vile haikutosha, Zipu akaanzisha mazungumzo yake. Zipu alikuwa kijana wa kushona zipu za suruali, na kwa ajabu ya Mungu mdomo wake mwenyewe hakuna aliyepata kuufunga.

"Kuna jamaa mtaani kwetu amepata ule ugonjwa wa mambo yetu yale," akatangaza. "Anatembea miguu imeachana hivi, kama amepanda farasi."

Karakana nzima ikacheka.

"Cheka tu, kesho ni wewe," Dada Pasi akamwambia.

"Mimi? Mimi siwezi. Mimi namwangalia mtu kwanza. Msafi anajulikana."

"Anajulikana kwa nini, kwa kunyoosha sketi? Basi sketi zote hapa nimezinyoosha mimi, njoo nikupe majina."

Msichana wa kushona kola akasema mtu anaweza kuupata chooni, ndiyo maana yeye choo cha nje hakikalii. Mwingine akasema ukioga mara moja kwa maji ya chumvi huwezi kuupata. Zipu akasema hivyo ni vichekesho vya wanawake, ugonjwa unaletwa na wanaume, mwanamke aliyetulia ataupata wapi? Wakakubaliana wote kwa hilo, vijana saba waliosoma, kila mmoja na simu mkononi yenye kujua kila kitu duniani, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amewahi kuiuliza simu hiyo. Aibu iliwazuia hata wakiwa peke yao.

Mara Makasi akainua kichwa mezani. "Sasa kwa mfano," akasema, "mtu akipewa dawa, na mwenzake naye lazima anywe?"

"Kwa mfano nani?" Zipu akadakia.

"Kwa mfano tu."

Kifungo alilisikia neno lile na akaliweka moyoni. Lakini yeye mwenyewe hakuchangia. Zipu aliposema mwanamke ataupata wapi, Kifungo aliinamisha kichwa akatafuta sindano ambayo haikuwa imepotea. Alikuwa na lake. Kabla ya Makasi alikuwepo Fundi Simu, mtengeneza simu wa mtaa wa nyuma, mwaka mzima, kisha akamwacha akaoa mwingine haraka haraka. Makasi alipomuuliza, siku za mwanzo, "Mimi ni wa ngapi?", Kifungo alimtazama machoni akaona jibu analolitaka, akampa hilo. "Wa kwanza," akamwambia. Lilikuwa jambo dogo, alijiambia, na limekwisha.

Alhamisi asubuhi chaki ikamwishia. Makasi alikuwa nje anapokea robota za vitambaa, kwa hiyo Kifungo akaenda mezani kwake, akafungua mkebe wa chaki. Chini ya chaki kulikuwa na maganda ya vidonge, yale magamba laini kama plastiki, ya rangi mbili, yamefunguliwa katikati na kumwagwa unga wake. Pembeni yake kulikuwa na vidonge vizima, vichache. Kifungo akachukua kimoja. Akakitia mfukoni, akaufunika mkebe kama alivyoukuta.

Chai ya siku hiyo ikaenda guniani. Ya Ijumaa pia.

Ijumaa, saa ya chakula cha mchana, alikwenda duka la dawa, si lile la karibu ambako wanamjua, bali lile la mbali, jua la utosi. Muuza dawa alikuwa kijana mwenye miwani. Kifungo akasubiri wateja wote waishe, akafungua kiganja.

"Hiki ni nini, kaka?"

Muuza dawa akakigeuza. "Antibayotiki. Dawa ya kuua vijidudu."

"Si ya..." akashusha sauti, "si ya kutoa mimba?"

"Hapana, dada. Hata kidogo. Ingawa mwenye mimba asiinywe hii."

Kifungo akashusha pumzi, kisha akaikamata tena. "Sasa inatibu nini?"

"Mengi. Kifua, vidonda, hata chunusi. Na magonjwa ya zinaa. Ameandikiwa nani?"

"Mtu."

"Basi mtu huyo amalize dozi yake yote, asimgawie mwingine. Na kama ni haya ya zinaa, waende wote wawili wakapimwe. Mmoja akitibiwa peke yake, wanarudishiana tu."

Akarudi karakanani kwa miguu, na njiani hasira ilimpanda hatua kwa hatua. Kwa mfano tu, eti! Zinaa! Alikuwa ameupata ugonjwa kwa nani, lini, wapi? Akaanza kuwapanga wanawake wote aliowahi kumwona Makasi akiwasalimia. Mama wa duka la nyuzi. Yule binti anayekuja kuchukua sare za hospitali, anayecheka kabla hajachekeshwa. Hata Dada Pasi akapita kwenye orodha, akatolewa, akarudishwa.

Jioni wenzao walipofunika mashine na kuondoka, Kifungo alibaki. Makasi alikuwa amelaza vitambaa ishirini juu ya meza, kimoja juu ya kingine, akivipapasa visiwe na mkunjo. Kifungo akakiweka kidonge katikati ya kitambaa cha juu.

"Unanitilia nini kwenye chai?"

Makasi hakukana. Heri angekana, Kifungo alikuwa amejiandaa kwa uongo, hakujiandaa kwa kile alichokiona. Yule mwanamume aliketi juu ya robota, akaweka uso viganjani.

"Nilikuwa nakutibu," akasema.

"Unanitibu nini? Nilikwambia naumwa?"

Akaeleza, maneno yakitoka moja moja. Wiki tatu zilizopita alianza kuungua akikojoa. Akadhani ni pilipili. Akanywa maji mengi, haikusaidia, na usaha ukaanza kumtoka. Akaenda zahanati. Wakampa vidonge kumi na vinne, kimoja asubuhi na kimoja jioni, siku saba, pamoja na kadi: mlete mwenzako. Kadi ilikuwa imekaa tangu siku hiyo ndani ya daftari lake la vipimo.

"Kwa nini hukunipa?"

"Ningekuambiaje? Mjomba anakuja kwenu, shangazi yako anapaka rangi, halafu mimi nakuja nakwambia nimekuletea ugonjwa? Ungenifukuza." Akanyoosha mkono kuelekea meza. "Nikafikiri, ugonjwa si ni mmoja? Vitambaa viwili ukivilaza pamoja, mkasi unapita mara moja tu. Nikakata kwa tabaka. Cha asubuhi nikakupa wewe kwenye chai, cha jioni nikanywa mimi."

Ebo! Fundi mzima, anayejua kwamba kitambaa cha mtu mmoja hakiwatoshi wawili, akaipima dozi namna hiyo. Kifungo alitaka kucheka na kupiga kelele kwa wakati mmoja.

"Nimemwaga," akasema.

"Umemwaga nini?"

"Chai. Tangu Jumatano. Iko kwenye gunia."

Makasi akamtazama mdomo wazi. Kwa hiyo yeye alikuwa amekunywa nusu dozi, na mwenzake alikuwa amekunywa vidonge viwili, na vingine vilikuwa vimetibu gunia.

"Umeupata wapi?" Kifungo akauliza. Hili ndilo alilokuja nalo.

"Naapa sijatoka nje tangu niwe na wewe. Kabla yako alikuwa mmoja, tulisoma naye ufundi, miaka mitatu imepita. Sijui ulijificha wapi muda wote huo. Lakini lazima ni mimi." Akainua macho, mekundu. "Wewe uliniambia mimi ndiye wa kwanza. Sasa nani mwingine kama si mimi?"

Pale pale, wasomaji wangu, pale pale ndipo pangekuwa mahali pake. Karakana haina mtu, mlango umerudishwa, mwanamume kajishusha mpaka chini. Kifungo alifungua mdomo.

"Basi ni wewe," akasema.

Maneno matatu tu, na hakuna aliyemlazimisha.

Siku tatu zilizofuata Makasi aliomba radhi. Aliomba Jumamosi kazini kwa macho, aliomba Jumapili kwa ujumbe wa simu kumi na saba, aliomba Jumatatu akiwa amepiga magoti nyuma ya robota za kaki. Kifungo alimnunia. Alimkubalia jambo moja tu, kwamba Jumanne wataenda zahanati. Alimtaka simu yake, akaisoma yote, ujumbe kwa ujumbe, na asipoona kitu alisema ameufuta. Makasi alizidi kujidharau. Na kadiri alivyojidharau, ndivyo Kifungo alivyozidi kumpekua, maana alipoacha kumpekua yeye, mawazo yalimrudia Kifungo mwenyewe, kama mtu anayerudi nyumbani.

Nyumbani hapakukalika. Mwaka jana, karibu na mwisho wa mambo yao, Fundi Simu alikuwa akinywa vidonge. Vya mafua, alisema. Vya rangi mbili. Kifungo mwenyewe ndiye aliyemletea maji ya kumezea. Na lile tumbo la chini lilianza lini? Kabla ya kiti kile kibovu, kwa kweli. Kiti kilikuja baadaye.

Kisha Jumatatu hiyo hiyo, mchana, akaingia mteja karakanani: mke wa Fundi Simu. Lilitangulia tumbo, mimba ya miezi saba, mchangamfu, na gauni mkononi.

"Dada zangu, nimefutuka! Nilegezeeni hili, nikizaa mtalibana tena."

Dada Pasi alikuwa anajua habari za zamani; akamtupia Kifungo jicho, akarudisha macho kwenye pasi. Kifungo ndiye aliyelilegeza gauni lile, akahamisha vifungo vya mbele kimoja kimoja. Mwanamke yule alikaa karibu naye, akasimulia jinsi mtoto anavyopiga mateke akisikia redio, akamshika Kifungo mkono akauweka tumboni. "Umemsikia?" Kifungo alimsikia. Akajichoma sindano.

Jumanne asubuhi walikuwa kwenye benchi la zahanati, kwenye chumba cha vijana. Kabla hawajafika mlangoni Makasi alikuwa amevaa kofia na kuishusha mpaka kwenye nyusi, na Kifungo alikuwa amejifunika khanga kama aliyefiwa. Benchi lilijaa vijana wengine waliovaa hivyo hivyo, kila mmoja akimkwepa mwenzake kwa macho, na pembeni kabisa, amegeukia ukuta, alikuwepo Zipu. Zipu alipowaona alikohoa. "Nimekuja kwa ajili ya kifua," akasema. Hakuna aliyemuuliza.

Nesi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye sauti ya kawaida kabisa, sauti ya mtu anayeuliza utavaa saizi gani.

"Niongee nanyi pamoja au mmoja mmoja?"

"Pamoja," Makasi akajibu. "Sisi hatufichani kitu. Sasa hivi hatufichani."

Wakapimwa, majibu yakatoka: wote wawili wanao ule ugonjwa, na Kifungo hana mimba. Nesi aliposikia habari za chai alifunga macho kidogo. "Kwenye maziwa tena!" akasema. Akawaeleza kwamba maziwa yanaipunguza dawa nguvu, kwamba nusu dozi inawachokoza tu wadudu bila kuwaua, kwamba kila mtu atapata yake kamili na asimgawie hata mama yake mzazi. Akamwambia Kifungo kwamba maumivu yale ya tumbo si kiti, ni ugonjwa umekaa muda, na kwamba amewahi kabla haujamharibia uzazi. Kifungo akakaza mikono mapajani.

"Nani amemletea mwenzake?" akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Hilo hakuna kipimo kinacholisema. Mtu anaweza kukaa nao miezi na miezi hajui, hasa mwanamke. Hapa hatutafuti mkosaji, tunatafuta wagonjwa." Nesi akavuta karatasi. "Kwa hiyo nataka wa nyuma. Baba, ulikuwa na nani kabla?"

Makasi akataja jina, akatoa namba, akasema alishampigia simu jana na ataenda kupimwa. Kifungo akageuka akamtazama. Hakuwa ameambiwa hilo.

"Na wewe, mama?"

"Huyu hana," Makasi akadakia, kwa upole kabisa. "Mimi ndiye wa kwanza. Naomba msimsumbue, ameshaumia vya kutosha kwa ajili yangu."

Nesi hakuandika. Aliiacha kalamu hewani, akamtazama Kifungo, na Kifungo akajua kwamba mama yule ameshakaa kwenye kiti kile miaka mingi na ameshawasikia wa kwanza wengi.

"Ninawauliza si kwa ajili ya umbea," nesi akasema, kama anayejisemea. "Ni kwa sababu asiyeambiwa naye ana mtu. Na mwenye mimba akiwa nao, mtoto anaweza kuzaliwa nao machoni."

Kifungo alikumbuka teke lile kwenye kiganja chake. Aliitamani Jumamosi, aliitamani sebule ya shangazi, aliutamani ule uso wa Makasi uliomwamini, na aliona vyote vikienda.

"Yuko mmoja," akasema. "Kabla yake. Mwaka mzima. Anatengeneza simu, mtaa wa nyuma. Mke wake ana mimba ya miezi saba."

Nje mtu aliitwa, akajibu. Makasi alivua kofia, akaishika magotini, akaizungusha. Kifungo alisubiri matusi. Hakutukanwa.

"Mtu wa kabla yangu sina neno naye," Makasi akasema mwishowe, bila kumtazama. "Hata mimi nilikuwa na wangu. Lakini umeniacha niombe radhi siku tatu. Nimekupigia magoti kwenye vumbi, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa nashuku tu."

"Ulikuwa unajua."

Kifungo akalia. Hakulia kwa ustadi, alilia kwa makamasi, na nesi akampa karatasi ya kupangusia. Kisha akampa kadi mbili. Moja ya Fundi Simu, moja ya mkewe. "Waambie waje wote wawili. Mke ana dawa yake inayomfaa mwenye mimba, asiogope. Usimtangazie mtu mwingine yeyote. Ukishindwa, rudi, tutampigia sisi."

Walipotoka Makasi alisimama langoni, dozi yake imefungwa vizuri kwenye bahasha yake, na Kifungo na yake.

"Mjomba nitamwambia asije Jumamosi," akasema.

"Ndiyo."

"Sijasema asije kabisa. Nimesema Jumamosi." Akavaa kofia, akaelekea karakanani peke yake. Hakugeuka nyuma. Kifungo alimtazama mpaka alipopotea, akitafuta kwenye mwendo wake dalili ya kumsamehe, na kwa mara ya kwanza maishani mwake jicho lake la kupekua halikuona kitu.

Angeweza kwenda kesho. Angeweza kurudi ndani akamwambia nesi nimeshindwa, pigeni ninyi. Badala yake alikwenda mtaa wa nyuma wakati huo huo, kabla ujasiri haujamwisha, jua likiwa bado juu na majirani wakiwa vibarazani wanaona kila apitaye. Akagonga mlango wa nyumba ya Fundi Simu. Akafungua mke.

"Kumbe ni dada wa vifungo!" mwanamke akasema kwa furaha. "Gauni limenikaa, weee! Kuna shida?"

"Gauni halina shida. Mumeo yupo?"

Tabasamu lilibaki mahali pake, ila macho hayakubaki. Yalishuka mpaka kwenye viatu vya Kifungo, yakapanda polepole mpaka usoni, yakatulia kwenye kope zilizovimba. Kifungo aliyajua macho yale. Alikuwa ameyavaa wiki nzima.

"Mume wangu unamtakia nini?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: simu yangu imeharibika. Akaumeza.

"Nina ujumbe kutoka zahanati. Unamhusu yeye, unakuhusu na wewe. Mwite, halafu uketi, tuongee ndani."

Mwanamke hakuita mtu. Alishika mlango kwa mkono mmoja na tumbo kwa mwingine. "Wewe na yeye," akasema, sauti imepungua. "Ni sasa hivi?"

"Hapana. Ilikuwa kabla yako."

Ilikuwa kweli tupu, na Kifungo aliona wazi kwamba hakuaminiwa. Hakuwa na kiapo cha kumsaidia, wala haki ya kukasirika. Alisimama pale mlangoni, kadi mbili mkononi, mpaka mwanamke alipogeuka na kumwita mumewe.